Uzi: Kabla hujamlipa fundi akupigie Windows ya kukraki, soma hapa kwanza

MWENYE UZI

Wakuu, habari za muda huu.

Tangu Oktoba 14, 2025, siku Microsoft walipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10, naulizwa swali moja kila kona: "Laptopu yangu inakataa Windows 11, nifanyeje?" Kumjibu mmoja mmoja imekuwa kazi, kwa hiyo naandika hapa mara moja, kwa kirefu, ili na atakayekuja kesho akute majibu.

Mimi natumia Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta unaoweza kukaa mahali pa Windows, kazini na nyumbani, na nina msimamo. Huku kwetu ukitaja faragha ya mtandaoni watu wanawaza Google na Facebook, wanawaza majasusi wa nchi kubwa. Hao wapo, na nitawagusa. Lakini tundu kubwa kuliko yote kwenye kompyuta zetu tunalitoboa kwa mikono yetu wenyewe, tena kwa kumlipa mtu: ni ile siku tunayoweka programu ya kukraki, yaani ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bila leseni. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipigia debe Linux. Inakuondolea haja ya kuiba programu, na ukishaacha kuiba umeziba tundu ambalo antivairasi haiwezi kukuzibia.

Tuanze na mashine zenyewe. Ukizunguka maduka ya Kariakoo, au katikati ya Nairobi, laptopu nyingi ni mtumba wa maofisi ya Ulaya na Dubai: HP EliteBook 840 G3, Dell Latitude E7470, ThinkPad T470. Ni mashine za kazi, bodi ngumu, kibodi nzuri, RAM unaongeza mwenyewe. Shida ni kwamba kwa sehemu kubwa zina prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0 na Secure Boot, ambavyo ni vifaa na mipangilio ya usalama ya ndani ya mashine. Kwa hiyo mashine yenye RAM ya GB 8 na SSD, ambayo haijachoka hata kidogo, kwenye karatasi imeshakufa. Microsoft wametoa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026 kwa wanaojisajili, na usajili wenyewe unataka akaunti yao.

Sasa unaipeleka kwa fundi. Anakupigia Windows "nyepesi" aliyoipakua kwenye chaneli ya Telegram, au anailazimisha Windows 11 iingie, halafu anakumalizia na Office, Photoshop na IDM ya kupakulia mafaili, zote za kukraki. Unalipa, unaondoka na furaha.

Hebu tuangalie kwa karibu kilichofanyika pale mezani. Faili la kraki huwa linakuja ndani ya zip yenye nenosiri, mara nyingi 123 au jina la tovuti. Nenosiri hilo halikulindi wewe. Liko pale ili antivairasi isiweze kuchungulia ndani. Ukifungua unakuta maelekezo: zima Windows Defender kwanza, zima ulinzi wa muda wote, kisha endesha programu kwa mamlaka ya msimamizi wa mfumo. Yaani umeambiwa umfukuze mlinzi getini, halafu umkabidhi funguo za vyumba vyote mtu ambaye hujui hata jina lake. Na umekubali.

Zipo kraki zinazofanya kazi yake na kutulia. Tatizo ni kwamba jina lile lile, tuseme KMSPico ya kufungulia Windows na Office bila leseni, linagawiwa na tovuti chungu nzima, na huna namna ya kujua ipi imechanganywa na nini. Na kinachochanganywa siku hizi si vile virusi vya zamani vya kufuta mafaili au kuzimazima skrini. Ni wezi wa kimya. Programu inasoma nywila ulizohifadhi kwenye kivinjari, inabeba na vidakuzi, yaani ule uthibitisho kwamba wewe tayari umeshaingia kwenye akaunti. Aliyepata vidakuzi vyako anaweza kufungua barua pepe yako akiwa nchi nyingine, asiulizwe nenosiri wala ile namba ya uthibitisho inayokuja kwenye simu. Baada ya hapo programu inajifuta. Wewe utashtuka siku ukurasa wako wa biashara unatangaza sarafu za mtandaoni.

Kibaya zaidi, mwenye Windows ya kukraki huwa anazima masasisho kwa makusudi, ama kulinda bando, ama kwa kuogopa kraki isije ikagundulika. Mnaokumbuka WannaCry ya Mei 2017, kirusi kilichofunga mafaili ya watu na kudai fidia, kilipita humo humo. Microsoft walikuwa wameshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu lile, Machi mwaka ule, miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao kiraka hakikuwafikia.

Linux ina matoleo mengi, na ninalopendekeza kwa mtu wa kawaida ni Linux Mint. Najua humu kuna wapenzi wa matoleo mengine kama Fedora, Debian na Arch, na nawaheshimu, ila mtu aliyezoea Windows 7 akiwashiwa Mint anajua pa kubofya bila kuelekezwa. Mint imekuwepo tangu 2006, imejengwa juu ya Ubuntu, ile iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004. Toleo la 22 lilitoka Julai 2024 na litapata masasisho hadi 2029. Mint huja na sura tofauti za skrini: kwa RAM ya GB 4 chukua lenye Xfce, iliyo nyepesi, kwa GB 8 chukua Cinnamon. Diski ya GB 20 inatosha kuanza, ingawa ukiwa na 100 utakaa kwa raha.

Kwa sisi tunaonunua bando, kuna jambo moja linalonifurahisha kuliko mengine yote. Mint inakuonyesha orodha ya masasisho pamoja na ukubwa wa kila moja, kisha inakusubiri. Ukiwa kwenye bando la usiku, unabofya. Haitakuzimia kompyuta katikati ya mtihani wa mtandaoni.

Programu karibu zote unazitoa kwenye ghala moja la Mint, ghala limetiwa saini ya kidijitali na wanaolisimamia, na kompyuta inahakiki saini hiyo kabla ya kuziweka. Huzunguki kwenye tovuti zenye vitufe vitano vya "Pakua" ambavyo vinne ni vya uongo. Hapo ndipo ulinzi wa Linux ulipo kwa mtu wa kawaida, zaidi ya ubora wowote wa kiufundi tunaobishania humu kila siku.

Kwa programu za kila siku, maoni yangu ni haya. LibreOffice inatosha kwa barua, ripoti, hesabu za duka na slaidi za darasani. Kivinjari ni Firefox, na ndani yake weka uBlock Origin, kizuia matangazo. Google waliishaifungia uBlock Origin kamili kwenye Chrome, imebaki ile iliyopunguzwa nguvu, na matangazo yanayozuiwa ni bando linalobaki mfukoni mwako. Firefox nayo inatuma takwimu za matumizi kwa wenyewe, ila kwenye mipangilio unaizima na inazimika. VLC mnaijua. Nywila ziweke KeePassXC, faili moja lililosimbwa, yaani halisomeki bila nenosiri lake, linalokaa kwenye diski yako, siyo kwenye kivinjari. GIMP sitawadanganya kwamba ni Photoshop. Kwa kupunguza picha, kuweka maandishi, kutengeneza bango la kawaida, inaenda. Kwa mtu anayekula kwa Photoshop, hapana.

Na kwa wanaosema haya ni mambo ya Wazungu: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ulikuwa wazi na leseni iliruhusu, hakuna aliyehitaji kumpigia magoti mwenye kampuni. Inaniuma kwamba vijana wengi wanaosoma kompyuta leo hawajawahi hata kuisikia.

Karibuni kwa maswali. Na kwa ubishi pia.

MDAU WA MWANZA

Kiongozi, uzi mzuri ila umekaa kinadharia. Mimi nina steshenari huku Nyegezi, wateja wangu ni wanachuo. Wanakuja na flashi zimejaa virusi, wanataka kazi itoke kama ilivyo, kurasa zisihame. LibreOffice inavuruga Word, hilo nimeliona kwa macho yangu. Na printa yangu ni Canon. Nisaidie hapo.

MWENYE UZI

Mkuu, wewe ndiye ninayekutafuta hasa, maana kompyuta ya steshenari ndiyo inayoambukiza mtaa mzima.

Tuanze na flashi. Mwanachuo anachomeka, anakuta folda yake ya ripoti ya mafunzo kwa vitendo imegeuka njia ya mkato, ina kile kimshale kidogo pembeni. Kwenye Windows akiibofya inafunguka kama kawaida, ila nyuma ya pazia hati ya .vbs, ambayo ni programu ndogo ya kirusi, imeshaendeshwa, kompyuta yako imeshapata, na kila flashi itakayochomekwa baada ya hapo inaondoka na zawadi yake. Chomeka flashi hiyo hiyo kwenye Mint. Unaona kila kitu kwa pamoja: faili la .lnk ambalo ndilo njia ya mkato yenyewe, hati ya .vbs yenye jina la ajabu ajabu, na folda halisi ambayo Windows ilikuwa imeificha, wakati mwingine jina lake ni nafasi tupu. Unafuta .lnk na .vbs, unairudishia folda jina lake, unamkabidhi mwanachuo kazi yake. Hati ile imeandikiwa Windows, hapa haina pa kuanzia. Hata kama hutahamia Linux moja kwa moja, weka mashine moja tu ya kupokelea flashi. Hata ile kuukuu uliyoisukumia stoo itafaa.

Kuhusu kurasa kuhama, sababu kubwa ni fonti. Kazi imeandikwa kwa Calibri au Cambria, na fonti hizo ni mali ya Microsoft, kwenye Linux hazipo. LibreOffice ikichukua fonti nyingine yenye upana tofauti, mistari inaongezeka, jedwali linarukia ukurasa wa pili. Hakikisha umeweka Carlito na Caladea. Carlito ilitengenezwa iwe na upana sawa na Calibri, Caladea sawa na Cambria, herufi kwa herufi. Kwa Times New Roman na Arial zipo Liberation. Hapo malalamiko mengi yatapungua. Yanayobaki ni yale ya milinganyo, vichwa vya habari vya kupachika na marejeo ya kujitengeneza, na kwa hayo ushauri wangu ni mwambie mteja alete PDF. Kazi ya kuchapa ije kwa PDF, hilo ni zuri hata kwa wenye Word.

Printa: hapa pana ukweli mchungu kidogo. HP nyingi zinatambulika zenyewe ukichomeka waya. Epson za matangi ya wino zina draiva na zinakwenda vizuri. Canon za leza za bei ya chini nyingi zinataka draiva unayoipakua kwa Canon wenyewe, na zile za zamani kama LBP2900 ni mateso, sikufichi. Kama biashara nzima inaegemea printa hiyo, mashine ya kuchapia ibaki Windows, nunua leseni halali, izime intaneti kama huihitaji, na mafaili yaipitie kutoka kwenye mashine ya Mint baada ya kusafishwa.

MDAU WA MOMBASA

Ndugu yangu, niulize tu kwa nia njema. Hii faragha ni ya nini kwa mtu kama mimi? Sina cha kuficha. Laini imesajiliwa, kitambulisho wanacho, benki wanijua. Halafu kompyuta sina, nina simu ya Android, na nasikia Android nayo ni Linux. Sasa mimi niko salama ama siko?

MWENYE UZI

Ndugu, nianzie mwisho. Ni kweli, kerneli ya Android, yaani kiini cha mfumo wake, ni Linux, ileile ambayo Linus Torvalds aliitangaza Agosti 1991 akiwa mwanafunzi kule Helsinki. Ila kerneli haiwezi kukukinga na ruhusa uliyoitoa kwa kidole chako mwenyewe.

Na kwenye "sina cha kuficha", naomba uniazime masikio. Fungua simu yako sasa hivi, ingia kwenye majina. Mle kuna mama yako, mkubwa wako wa kazini, mwalimu wa watoto, mtu uliyesoma naye, imamu au mchungaji. Hizo siyo siri zako peke yako. Sasa kumbuka programu za mikopo ya haraka. Unaishiwa Jumanne, unapakua programu, inaomba ruhusa ya kusoma majina, ujumbe mfupi na picha, unabofya kubali, kubali, kubali, kwa sababu shida imekubana. Orodha yako yote inaondoka dakika ile ile. Ukichelewa kulipa wanapigiwa mama, bosi na shemeji, wanaambiwa wewe ni tapeli. Watu wamevunjiwa ndoa na wamepoteza kazi kwa deni ambalo halifiki hata bei ya simu yenyewe. Aliyekopa alikuwa hana cha kuficha.

Mamlaka zimeliona. Google ilikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha kuanzia Mei 31, 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila kibali. Kenya mna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 na ofisi ya Kamishna inayopokea malalamiko, sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake. Sheria hizo zitumieni, zimeandikwa kwa ajili yetu. Lakini programu nyingi za kausha damu zimehamia kwenye viungo vya kupakua nje ya duka, zinatumwa kwenye magrupu, na huko kizuizi cha Google hakifiki.

Kwa hiyo leo leo, kabla hujalala, fanya hivi. Ingia mipangilio, sehemu ya faragha, fungua kidhibiti cha ruhusa. Angalia nani anasoma majina, nani anasoma ujumbe mfupi, nani anajua ulipo. Tochi isiyohitaji majina yako, iondolee ruhusa. Kibodi uliyoipakua kwa sababu ya emoji, ifute, kwa sababu kibodi inaona kila unachoandika, nywila na namba ya siri zikiwemo. Kwenye mipangilio ya Google kuna sehemu ya matangazo, humo unaweza kufuta kabisa kitambulisho cha matangazo. Ukitaka programu ambazo msimbo wake uko wazi, tafuta F-Droid. Ni ghala la programu huria za Android tangu 2010, na mle ndani utapata hata tochi isiyoomba ruhusa isiyoihitaji.

WhatsApp: ujumbe wake umesimbwa kutoka simu hadi simu tangu Aprili 2016, hilo ni jambo jema na linastahili kusemwa. Isipokuwa nakala rudufu inayopanda Google Drive haisimbwi namna hiyo mpaka wewe uwashe, na kitufe hicho kipo tangu 2021. Kampuni pia inajua unawasiliana na nani na saa ngapi, hata kama haijui mnasema nini. Telegram ambayo watu wanaiita ya siri, mazungumzo ya kawaida na magrupu yake yote hayasimbwi kutoka simu hadi simu. Programu ya ujumbe ya Signal ndiyo ninayoiamini. Mwaka 2016 waendesha mashtaka wa Virginia, Marekani, waliidai itoe taarifa za mtumiaji, na ilichokuwa nacho cha kutoa ni tarehe ya kufunguliwa akaunti na tarehe ya mwisho kuunganishwa. Basi.

Na tafadhali sana, ile WhatsApp ya GB inayokuonyesha ujumbe uliofutwa, itoe. Hiyo imetengenezwa upya na watu wasiojulikana, nje ya duka, na mazungumzo yako yote yanapita mikononi mwao. Ni kraki ile ile niliyoianza nayo uzi, imehamia kwenye simu.

MDAU WA ARUSHA

Mwenye uzi, mimi ni developa na nimekufuata vizuri, ila unaonyesha upande mmoja. Machi 2024 kwenye xz si kulipandikizwa mlango wa nyuma, njia ya siri ya kuingilia, tena na mtu aliyekuwa mtunzaji rasmi wa mradi? Msimbo ulikuwa wazi na hakuna aliyeona. Sasa mbona unasema saini saini, wakati aliyetia saini ndiye alikuwa mhalifu?

MWENYE UZI

Mkuu, umepiga penyewe, na hili silikwepi.

Kwa wasiolijua: xz ni programu ndogo ya kubana mafaili, iko karibu kwenye kila Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alisaidia mradi ule kwa zaidi ya miaka miwili, kwa upole, akazoeleka mpaka akapewa madaraka, kisha akapachika mlango wa nyuma kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Lengo lilikuwa kuingia kwenye seva kupitia SSH, njia wanayotumia mafundi kuziingia seva wakiwa mbali. Aliyemnasa ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliyeona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde na hakuridhika mpaka amepata sababu. Tena sehemu ya mtego haikuwa hata kwenye msimbo ule unaosomwa na watu. Ilikuwa kwenye mafaili ya majaribio na kwenye kifurushi cha kupakua.

Kwa hiyo atakayekuambia msimbo wazi ni sawa na usalama, mkatalie. Ninachosema mimi ni kidogo kuliko hapo. Freund aliweza kufuatilia nusu sekunde mpaka mwisho kwa sababu kila kipande kilikuwa mbele yake. Hakuomba kibali. Programu iliyofungwa ungeandika malalamiko na kusubiri. Na matoleo yale yalikuwa yamefika kwenye distro, yaani matoleo ya Linux, za majaribio, Debian isiyo imara, Fedora ya mbele, hayakuwa yamefika kwenye Ubuntu na Mint wanazotumia watu wa kawaida. Ndiyo maana nawapa watu toleo linalokwenda taratibu, na nikiona mtu anamwekea mzazi wake distro ya mambo mapya kila wiki huwa namkataza.

Lenye kuniumiza kwenye kisa kile ni kwamba mtunzaji wa awali alikuwa mtu mmoja, anajitolea, amechoka, na dunia nzima inamtegemea. Makampuni yanapata mabilioni juu ya kazi za watu wa namna hiyo. Wewe kama developa, chagua mradi mmoja unaoutumia kila siku, toa muda wako au hata tafsiri.

Nikuongezee na jingine ambalo hukulitaja: Februari 20, 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilivamiwa, wavamizi wakaelekeza kitufe cha kupakua toleo la 17.3 Cinnamon kwenye faili lao lenye mlango wa nyuma. Ndiyo sababu kila anayepakua Mint nasisitiza ahakiki. Ukiwa kwenye Linux ni amri moja, sha256sum, inayokupa namba ya utambulisho wa faili, kisha linganisha namba hiyo na ile iliyoko kwenye tovuti, na ikiwezekana hakiki na saini yake. Ni dakika chache.

DADA MHASIBU

Kaka nimesoma yote. Ofisini kwetu tunatumia Tally, programu ya uhasibu, na kuna Excel zina macro, amri za kujiendesha, za mwaka hadi mwaka. Nihame?

MWENYE UZI

Dada, usihame. Tally ni ya Windows, na macro nyingi za Excel LibreOffice haizisomi sawasawa. Kupoteza hesabu za mteja ni hasara kubwa kuliko faida ya kuwa na mfumo huria. Hakikisheni leseni ni halali, masasisho yamewashwa, na nakala rudufu inakaa kwenye diski ya nje inayochomolewa kila mkimaliza, maana virusi vya kufunga mafaili vinafunga na diski iliyochomekwa. Laptopu yako ya nyumbani ndiyo uje nayo huku kwetu.

MDAU WA MUSCAT

Assalaam alaykum. Nakusomeni kutoka Muscat. Nataka kuwapelekea wadogo zangu Unguja laptopu mbili, zote EliteBook za mtumba. Ningependa zifike zimeshawekwa Mint, maana huko sitokuwepo kuwasaidia. Nianze vipi, na nini nisisahau?

MWENYE UZI

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Umefanya jambo zuri.

Pakua faili la Mint, ni karibu GB 3, lihakiki kama nilivyomweleza mdau wa Arusha, kisha liandike kwenye flashi ya GB 8 kwa kutumia programu ya Rufus au balenaEtcher. Kama kwenye laptopu kuna mafaili ya mtu, yatoe kwanza. Washa kutoka kwenye flashi bila kuweka chochote kwenye diski, Mint itafunguka ikiwa hai. Hapo jaribu Wi-Fi, sauti, kamera, mwanga wa skrini, na kufunga kifuniko uone kama inalala na kuamka. Kama Wi-Fi imegoma, chomeka simu kwa waya na ushiriki intaneti kupitia USB, itaingia mtandaoni, kisha fungua kidhibiti cha draiva kikutafutie inayohitajika.

Wakati wa kuweka, kuna hatua inayouliza kama unataka diski isimbwe. Washa. Nenosiri la kawaida la kuingilia halizuii kitu, Windows au Linux. Mwizi anachomoa diski, anaichomeka kwingine, anasoma kila kitu. Diski iliyosimbwa akiichomoa haoni chochote. Ila waambie wadogo zako waliandike nenosiri hilo kwenye karatasi na wampe mama alihifadhi, kwa sababu likipotea hakuna fundi, si Darajani wala si Muscat, atakayewafungulia.

Kisha washa Timeshift. Hiyo inapiga picha ya mfumo, wakiharibu kitu wanarudi nyuma. Mafaili yao wenyewe haiyahifadhi, hayo wawe wanayanakili kwenye diski ya nje. Weka fonti nilizozitaja, weka uBlock Origin, na kila mmoja mpe akaunti yake isiyo na mamlaka ya msimamizi, ya msimamizi ibaki kwa mkubwa wao.

Kufungua menyu ya kuchagua flashi: EliteBook bonyeza F9 mara tu unapowasha, Dell ni F12, ThinkPad ni F12. Ikikataa kuiona flashi, piga picha ya skrini uiweke hapa pamoja na modeli kamili iliyoandikwa chini ya mashine, tutaangalia pamoja.